Kupanda kuta za ndani ughaibuni: naomba ushauri kabla sijarudi Munich

BintiTabata aliuliza:

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nipo Tabata kwa wazazi wangu kwa likizo, na kabla ya muhula wa Oktoba kuanza nitarudi Munich, Ujerumani, ninakosomea shahada ya uzamili. Wenzangu wa maabara huenda kila wiki kwenye ukumbi wa kupanda kuta, yaani jengo kubwa lenye kuta ndefu za kutengenezwa zilizofungwa vishikio vya rangi mbalimbali, ambazo watu huzipanda wakiwa wamejifunga kamba, na pembeni zipo kuta fupi zinazopandwa bila kamba juu ya magodoro mazito. Wamenialika zaidi ya mara moja, nami nimekuwa nikitoa udhuru. Safari hii nimeamua kwamba nitakubali, au nitakataa kwa sababu ninayoielewa, wala si kwa kuogopa jambo nisilolijua. Ndiyo maana nimelileta suala hili hapa, kwa kuwa najua jijini humu wapo waliokaa nje wakarudi, na wapo ambao kazi yao yenyewe ni kupanda juu.

Hali yangu ni hii. Nina umri wa miaka 34, na mchezo wa mwisho niliocheza ni netiboli nilipokuwa sekondari. Navaa hijabu. Kijerumani changu kinanitosha sokoni na kwenye treni, lakini masomo yetu ni kwa Kiingereza, na sina hakika kama nitamwelewa mtu anayepaza sauti kutoka juu ya ukuta huku kamba yake imo mikononi mwangu. Jambo hilo linanitia hofu kuliko kuanguka mimi mwenyewe. Pia sijui gharama zikoje, wala mgeni anatazamiwa kufanya nini anapoingia mlangoni.

Hapa nyumbani sina wa kumuuliza. Watu wakisikia habari za kupanda hufikiria Kilimanjaro, na Kilimanjaro kwa njia zinazotumiwa na wageni wengi ni mwendo wa miguu wa siku kadhaa, ambao hauhitaji kuning'inia popote. Niseme pia kwa uwazi kwamba sitafuti mchezo kwa ajili ya mchezo tu. Maabara tunazungumza kazi, saa ikifika kila mtu anakwenda kwake, na nimeona kwamba wanaokwenda huko pamoja wamekuwa marafiki wa kutembeleana. Natamani nami niwe na watu wa namna hiyo katika mji ule.

MkaziWaMbezi alijibu:

Dada, umefanya vizuri kuuliza mapema. Mimi nilisoma Osaka, Japani, na huko ndiko nilikoujua mchezo huu, kwa hiyo nitasema ninayoyafahamu, ukizingatia kwamba taratibu za Ujerumani zinaweza kutofautiana kidogo.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na zile kuta fupi zisizo na kamba. Urefu wake kwa kawaida ni kama mita 4 hivi, chini kumetandikwa magodoro mazito sakafu nzima, na huhitaji mwenzako wa kukushikia chochote. Hofu uliyoieleza, ya kuwa na maisha ya mtu mwingine mikononi huku lugha haijakaa sawa, inakuwa imeondoka. Unaweza hata kwenda peke yako asubuhi ya siku ya kazi, wakati ukumbi una watu wachache, ukajifunza bila kutazamwa na wenzako.

Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Unajiandikisha, na katika kumbi nyingi za Japani mgeni hulipa ada ya uandikishaji mara ya kwanza pamoja na kiingilio cha siku. Unakodi viatu, ambavyo vina soli ya mpira laini na hubana kuliko viatu vya kawaida. Vidole vinatakiwa viguse ncha ya kiatu bila kuumia, na usikubali saizi inayokuumiza kwa sababu tu mtu amekwambia ndivyo wanavyovaa mabingwa. Kila njia ina alama ya pale pa kuanzia, na imekamilika utakapokuwa umeshika kishikio cha mwisho kwa mikono yote miwili. Japani ngazi za ugumu huhesabiwa kwa kyu, kutoka namba kubwa, ambayo ndiyo rahisi, kushuka hadi kyu ya 1, kisha huanza ngazi ngumu zaidi ziitwazo dan. Sehemu nyingine nyingi kumbi hutumia rangi zao wenyewe, na rangi ambayo ni rahisi katika ukumbi mmoja yaweza kuwa ngumu katika ukumbi wa pili, kwa hiyo soma bango la maelezo kabla ya kugusa ukuta.

Adabu za mle ndani si nyingi, lakini zinazingatiwa sana. Usipite wala kukaa chini ya mtu anayepanda. Usianze njia inayokatiza njia ya mwenzako aliyeko ukutani. Usimweleze mtu namna ya kupita mahali palipomshinda kama hajakuomba, kwa sababu wengi hufurahia kukitafuta kitendawili hicho wenyewe.

Kuhusu marafiki, nakuhakikishia jambo moja. Katika mchezo huu mtu hupumzika muda mrefu kuliko anavyopanda, na wote hupumzika wakiwa wameukabili ukuta uleule. Wajapani niliokuwa nao darasani, ambao tulisalimiana tu kwa miezi, huko walikuwa wakinipazia sauti ya kunitia moyo, «ganba!», kabla hata hatujafahamiana majina.

FundiMinara alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi ni fundi wa minara ya simu hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupanda, kufunga antena na kushuka. Niliwahi pia kupelekwa Afrika Kusini kwa mafunzo ya usalama, na sehemu ya mazoezi yale tulifanyia kwenye ukumbi wa kupanda kuta, kwa hiyo nimeziona pande zote mbili.

Ushauri wa kaka wa Mbezi ni mzuri, ila kuna jambo moja ambalo naliona kwa namna nyingine. Ukuta mfupi unaonekana hauna hatari kwa kuwa ni mfupi, lakini pale kila anayeachia anafika chini. Godoro hupunguza kishindo, halikizuii, na mtu asiyefundishwa kuanguka huweka mkono nyuma akaumia kiwiko au kifundo cha mkono, au hutua kwa mguu mmoja ukingoni mwa godoro akateguka. Kwenye ukuta mrefu wenye kamba iliyopita juu, mwanafunzi akiachia hushuka kidogo tu, kisha hubaki ananing'inia palepale. Kwa hiyo, dada, kama mwalimu yupo, kamba si kitu cha kukiogopa. Cha kuogopa ni kamba bila mwalimu.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana mtu akielewa kifaa chake hofu hupungua. Unavaa mkanda unaozunguka kiuno na mapaja. Sisi wa minara tunavaa mkanda wa mwili mzima, na tunajiambatisha kwenye chuma chenyewe kwa ndoano mbili, moja ikifunguliwa nyingine lazima iwe imefungwa. Ukumbini mambo ni tofauti, kwa kuwa kamba inatoka kwenye mkanda wako, inapanda hadi juu ya ukuta, inazunguka pale na kurudi chini kwa mwenzako, ambaye ameipitisha kwenye kifaa cha breki kilichofungwa kwenye mkanda wake kwa karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango wa kufungua na kufunga. Unapopanda, yeye anavuta kamba iliyolegea. Unapoachia, kifaa kinaibana kamba, mradi mkono wake mmoja usiachie upande wa breki hata kidogo. Vipo vifaa vya kawaida vinavyotegemea mkono huo moja kwa moja, na vipo vinavyosaidia kuibana kamba inapovutwa ghafla. Kwa anayeanza naona ni heri aombe hivyo vya pili, na hata hivyo mkono wa breki hauachiwi.

Kamba hufungwa kwenye mkanda wa mpandaji kwa fundo la nane lililofuatishwa, yaani unafunga nane, unapitisha ncha kwenye mkanda, kisha unairudisha ncha kwa kufuata njia ileile hadi mistari iende miwilimiwili bila kupishana. Uzuri wa fundo hili ni kwamba likikosewa linaonekana kwa macho. Kabla ya kila kupanda, bila kujali umefahamiana na mwenzako kiasi gani, kila mmoja humkagua mwingine: mkanda umekazwa, fundo limekamilika, kamba imeingia kwenye kifaa kwa upande sahihi, karabina imefungwa na kufuli yake. Ukaguzi huo hufanywa kwa kugusa, hautoshi kutazama tu.

Sasa nifike kwenye lugha, kwa sababu umeigusa mwenyewe na ndipo penye uzito. Nimefanya kazi na wageni wa nchi mbalimbali juu ya minara, na ninachokiogopa zaidi kwa fundi mpya ni mazoea yetu ya kuitikia. Mtu anaelezwa jambo kwa lugha ambayo hakuielewa vizuri, anaona haya kuuliza tena, anatikisa kichwa. Mezani tabia hiyo ni heshima, lakini penye kamba inaua. Kabla hujagusa kamba ya mtu, kubalianeni maneno machache mtakayoyatumia, katika lugha yoyote, myaseme kwa sauti mkiwa chini, na mkubaliane kwamba neno lisiloeleweka maana yake ni kusimama na kuuliza.

Kuhusu kimo, panda mita 2 tu siku ya kwanza, kisha mwambie mwenzako akaze kamba, na ukae kwenye mkanda kama unavyokaa kwenye kiti. Rudia hadi mwili uamini kwamba kamba inabeba, ndipo uendelee juu.

MzaziKinondoni alijibu:

Mwanangu, marahaba. Sina nia ya kukuvunja moyo, ila nina binti anayesoma nje, kwa hiyo nakuandikia kama ambavyo ningemwandikia yeye. Umekwenda kusoma, uko peke yako, na hakuna shangazi wala jirani wa kukupikia ukivunjika mguu. Marafiki wanapatikana pia kwenye mambo yasiyo na hatari, kama kwaya, mapishi, au jumuiya ya Watanzania wa huko. Huu ni mchezo wa watu waliokulia nao, wewe unakwenda kuuanza ukiwa mtu mzima na tena ugenini. Pima faida na hasara kabla hujakubali.

MamaSalma_Upanga alijibu:

Shikamoo mzee wa Kinondoni, na nakuamkia pia, dada yetu wa Tabata. Mzee amesema kwa huruma ya mzazi, na sehemu ya maneno yake nitaifanyia kazi hapa chini, hasa suala la kuumia ukiwa peke yako. Ila sikubaliani kwamba huu ni mchezo wa watu wa aina fulani. Ulipoingizwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Afrika iliwakilishwa na Christopher Cosser na Erin Sterkenburg wa Afrika Kusini, na Olimpiki ya Paris ya 2024 dhahabu ya wanaume katika kupanda kwa kasi ilichukuliwa na Veddriq Leonardo wa Indonesia, aliyefika juu ya ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.75. Hata hapa pwani tuna wakwezi wa minazi, Mafia na Mkuranga, wanaopanda kwa kitanzi cha miguuni na kushuka na madafu, na mtu akitazama wanavyoutegemea mguu kuliko mkono ataona wanafanya kilekile ambacho walimu wa ukumbini huwasisitizia wanafunzi wao siku nzima.

Mimi nilikaa Munich na mume wangu kabla hatujarejea, na mji huo ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukumbi wa Thalkirchen, unaofikika kwa treni ya chini ya ardhi ya U3, ni miongoni mwa kumbi kubwa kabisa za aina hii duniani, na unaendeshwa chini ya Klabu ya Alpi ya Ujerumani, inayojulikana kwa kifupi kama DAV, iliyoanzishwa mjini humohumo mwaka 1869. Wanachama wa klabu hiyo hulipa kiingilio cha chini kuliko wasio wanachama, na kumbi nyingi zina bei ya wanafunzi, kwa hiyo usisahau kitambulisho cha chuo. Kwa makadirio, kiingilio cha siku katika miji ya Ujerumani huwa kati ya Euro 10 na 20, na kukodi viatu na mkanda huongeza Euro chache. Usinunue chochote mwanzoni.

Nakuomba usome kwa makini fomu utakayopewa mlangoni. Kumbi za Ujerumani humtaka mgeni atie saini masharti ya matumizi, na ndani yake mara nyingi kuna tamko kwamba anayetia saini anajua mbinu za kumlinda mwenzake kwa kamba, au kwamba atakuwa na mtu anayezijua. Ni kurasa za Kijerumani cha kisheria, foleni iko nyuma yako, wenzako wameshatia saini na wanakusubiri. Hapo ndipo maneno ya fundi kuhusu kuitikia yanapoanza kufanya kazi, kabla hata hujauona ukuta. Masharti haya kumbi nyingi huyaweka kwenye tovuti zao, kwa hiyo yasome hukuhuku Tabata kwa utulivu na kamusi pembeni, na kama hujui kushika kamba, waambie wahudumu hivyo. Watakuelekeza kwenye darasa la wanaoanza. Kozi ya kamba ya juu huchukua saa chache, zipo zinazofundishwa kwa Kiingereza, na DAV hutoa cheti kwa anayefaulu mtihani wake.

Wakati hujapata cheti, kipo kifaa ambacho mabwana hawa hawajakitaja, nacho kimefungwa juu ya ukuta na huivuta kamba chenyewe unapopanda, na ukiachia hukushusha polepole. Kinafaa sana kwa mgeni asiye na mwenzi. Hatari yake kubwa ni mtu kusahau kujifunga kabla ya kupanda, kwa kuwa hakuna mtu wa pili wa kumkagua. Ndiyo maana chini yake kwa kawaida hutandazwa kitambaa cha pembetatu kinachoziba mwanzo wa njia, ambacho huwezi kukivuka kwa urahisi kabla ya kuchukua karabina iliyofungwa kwacho.

Kuhusu hijabu, sikuwahi kuzuiwa wala kuulizwa. Vaa hijabu ya michezo inayobana kichwani, bila pini wala mikia inayoning'inia, kwa sababu kitambaa, nywele au misuko mirefu vinaweza kunaswa ndani ya kifaa cha breki unapomshusha mwenzako, na kikishanasa huwezi kukitoa mpaka uzito wa mtu uondolewe kwenye kamba. Shati refu la kufika mapajani linakubalika, mradi mkanda uvaliwe juu yake na mshikaji aweze kuona fundo. Vua pete na bangili zote, hata ya ndoa kwa walioolewa. Pete ikinasa kwenye kishikio huku mwili unashuka, kidole kinaweza kuchunwa au kukatika.

Maneno ya kamba ya Kijerumani ni mafupi. Anayepanda akisema «zu» anataka kamba ikazwe, akisema «ab» anataka ashushwe. Wajerumani wengi watakubali pia kuyasema kwa Kiingereza ukiwaomba, na hawatakudharau kwa kuomba. Watu wa ukumbini huthamini sana mwenzao anayeuliza.

TibaViungo_Ilala alijibu:

Nachangia kwa upande wa mwili, kwa kuwa mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo.

Misuli inayokunja vidole haimo vidoleni. Imo kwenye sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, na inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita ndani ya vipete vya nyuzi vilivyoshikamana na mfupa. Misuli hupata nguvu kwa majuma, kano na vipete huchukua miezi, kwa sababu damu inayofika huko ni kidogo. Kwa hiyo mtu anayeanza hujisikia ana nguvu mapema kuliko vidole vyake vilivyo tayari, anakwenda kila siku, anang'ang'ania vishikio vidogo kwa vidole vilivyokunjwa sana, kisha anasikia mlio kwenye kidole cha pete. Mara 2 kwa wiki zinakutosha mwanzoni, na siku ya mapumziko katikati ni sehemu ya mazoezi.

Utahisi pia mikono imejaa na kuwa migumu mpaka kiganja hakifungi. Hiyo inatokea kwa sababu msuli uliokazwa muda mrefu huibana mishipa inayouletea damu. Nyoosha mikono unapopanda badala ya kuikunja, sukuma kwa miguu, na upumzike kabla haijafika huko.

Kabla hujaondoka, hapa Dar es Salaam unaweza kujiandaa bila gharama. Ning'inia kwenye chuma cha mazoezi kwa sekunde chache, panda ngazi, simama kwa mguu mmoja ukiwa umefumba macho ili kuimarisha kifundo. Jifunze pia kuanguka, ufukweni kwenye mchanga, kwa kuruka kutoka kimo kidogo: tua kwa miguu yote miwili, magoti yakunjike, keti na ubingirike kwa mgongo huku mikono imekumbatia kifua. Hapo ndipo namuunga mkono fundi, kwamba ukuta mfupi unahitaji mafunzo yake.

BintiTabata aliandika:

Nawashukuru wote, na wewe mzee wa Kinondoni nakushukuru kwa moyo wa mzazi. Nimesoma masharti ya ukumbi kama alivyoshauri mama Salma, na ni kweli kabisa, kuna kifungu kinachosema anayetia saini anamudu kushika kamba. Ningekitia saini bila kukisoma.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, bima. Kwa umri wangu sipati bima ya wanafunzi ya bei nafuu, nina ya binafsi. La pili linanisumbua zaidi. Mmoja wa wenzangu ni mwanamume mzito sana kuliko mimi, na ni mtu mwema anayependa kusaidia. Najua atasema, «Nishikie, ni rahisi, nitakuonyesha kwa dakika moja.» Nitamkataliaje bila kumvunjia heshima mbele ya wengine?

MamaSalma_Upanga alijibu:

Kuhusu bima, fungua mkataba wako utafute orodha ya shughuli zisizolipiwa, maana baadhi ya bima za binafsi, hasa zilizotengenezwa kwa wageni na wasafiri, huitaja michezo ya kupanda moja kwa moja. Ukiikuta humo, waandikie na upate jibu la maandishi kabla ya kwenda. Pia ulizia bima ya dhima binafsi, ambayo Wajerumani wengi wanayo na gharama yake kwa mwaka si kubwa. Kwa sheria ya huko, ukimwangusha mwenzako kwa uzembe unaweza kudaiwa fidia, na bima hiyo ndiyo inayobeba deni. Thibitisha kwamba inahusisha michezo.

FundiMinara alijibu:

Dada, swali lako la pili nimelipenda, kwa hiyo nitalijibu lote.

Tofauti ya uzito ni sababu halali, wala si kisingizio. Mtu mzito akiachia, anayemshikia aliye mwepesi huinuliwa kutoka sakafuni au huvutwa kuelekea ukutani, na asiyezoea anaposhtuka huachia mkono wa breki. Zipo njia za kulipunguza tatizo hilo, kama mifuko ya mchanga ya kujifunga sakafuni ambayo baadhi ya kumbi huwa nayo, au kifaa cha kuongeza msuguano kwenye kamba, lakini hizo ni za mtu ambaye tayari ameshajua kazi. Kwa hiyo mwambie ukweli wenyewe kwa sentensi moja: «Sijafundishwa bado, na wewe ni mzito kuliko mimi, kwa hiyo sitakushikia mpaka nimalize kozi.» Iseme kabla hamjafika ukumbini, mkiwa njiani au maabara, ili asiisikie kwa mara ya kwanza akiwa ameshavaa mkanda. Akiwa mpandaji mzuri ataiheshimu kauli hiyo. Akikushinikiza, una sababu ya kutokukubali akushikie wewe pia, kwa kuwa anayeharakisha usalama wa mwili wake hatausubiri wa kwako.

Wakati huohuo usikae kando. Omba kuwa mtu wa tatu: simama nyuma ya anayeshika kamba, na ushike ncha ya kamba upande wa breki kama mkono wa akiba. Walimu huwafanyisha wanafunzi hivyo. Utaona namna kamba inavyokwenda, utayazoea maneno yao, na hutakuwa na maisha ya mtu mikononi mwako peke yako.

Jambo la mwisho, kama utaridhia. Ofisi yetu iko Mwenge, na tuna kamba na mikanda ya mafunzo iliyokwisha muda wa kubebea mtu, inayotumika kufundishia mafundo tu. Njoo na kaka yako au mzazi Jumamosi yoyote baada ya saa 8 mchana, nitumie ujumbe kwanza, nikufundishe fundo la nane na ukaguzi wa watu wawili mpaka uufanye bila kuelekezwa. Kupanda hutapanda siku hiyo, kwa sababu kamba zile haziruhusiwi kubeba mtu, lakini utakapofika Munich kuna kitu kimoja ambacho hutahitaji kuelezwa kwa Kijerumani.